Kivuli cha Adhuhuri kwenye Ukuta wa Gofu

Juzi nililaza simu yangu kwenye ukuta wa gofu la msikiti, kule kwetu Kisauni, na kishale cha dira kikaniambia kwamba nyanya yangu aliswali maisha yake yote akielekea kusiko. Nikasogea hatua kumi, nikapima tena. Jawabu la pili halikufanana na la kwanza, na la tatu halikufanana na lolote. Nikabaki nimesimama jasho likinitoka, na ilhali ni kipupwe.

Ngoja nikueleze tulivyokuwa, ndipo utanielewa.

Nyuma ya nyumba ya nyanya zilibaki kuta mbili za msikiti wa kale: mmoja mrefu wa ubavuni, na mwingine wa mbele wenye kibla, shubaka la imamu, tao lake limechongwa kwenye matumbawe hata ukilipapasa huoni kiungo. Maalim wetu wa chuoni, pale tuliposoma Kurani, alitwambia msikiti ule ulisimama kabla Wareno hawajaiona Mombasa, na kwamba hauna hata kijiko cha simiti. Ni mawe ya bahari, chokaa na mchanga tu. Sisi watoto hatukushangaa. Kwetu ulikuwa mahali pa kuanikia kanga na kufukuzia mijusi. Kila Shaabani nyanya alitugawia makumvi ya nazi yawe brashi, tukaupaka chokaa, na harufu ile mbichi ikatukaa puani hadi mfungo uingie.

Kazi yangu hasa, siku za likizo, ilikuwa kuchunga kivuli. Ukuta wa ubavuni ulitupa kivuli upande wa machweo tangu asubuhi, na kadiri jua lilivyopanda kikapungua. Mimi nilichuchumaa hapo. Nyanya alikaa upande wa pili, wa macheo, juu ya mbuzi yake, akikuna nazi ya mbaazi.

"Kimebaki kiasi gani?"

"Vidole viwili, nyanya."

"Usinidanganye kwa njaa yako."

Kikiisha nilipaza sauti, "Kimekwisha!" nikidhani sasa ni chakula. Naye hakuinuka. "Bado. Jua limesimama, nasi tusimame. Ngoja kizaliwe huku kwangu." Mpaka uonekane uzi mwembamba wa kivuli upande wake, ndipo aliposhika kata ya maji akatawadha. Adhana ikitoka baadaye kwenye kipaza sauti, alicheka akasema muadhini leo kachelewa kuamka.

Kila kitu chetu kilifuata ukuta ule. Nyumba iliufuata, msala wa nyanya uliufuata, na alipofariki wachimba kaburi walivuta kamba yao kutoka kwenye kibla ileile.

Sasa mjomba wangu, ndugu wa mama, anajenga chumba cha kuswalia uani, na aliniita mimi nimwonyeshe kibla. Nina shahada ya upimaji ardhi na bado sina kazi. Vyombo vya kupimia vilibaki chuo kikuu, nikaja na simu.

"Nyanya yako alifuata mawe," akasema, "mimi namfuata msomi. Mafundi wanachimba msingi baada ya adhuhuri. Vipi?"

"Ningoje kidogo, mjomba."

"Kidogo ya nyumbani au ya chuo kikuu?"

Sikucheka. Ikiwa simu ni sahihi, kaburi la nyanya limepinda, na nani atakayemwambia mama, ambaye huenda kumsomea kila Ijumaa? Na ikiwa ukuta ndio sahihi, nami nikasema simu, basi nitawapotosha wote kwa cheti changu. Nilijaribu kuwaza jambo moja kwa wakati mmoja nikashindwa.

Kisha nikatazama kilichoegemea ukuta. Kuna fundi wa kuchomelea aliyejibanza pale, kaezeka mabati hadi kwenye mawe na kupanga mageti ya chuma. Chuma huvuta dira, hilo nililijua tangu mwaka wa kwanza. Lakini Kisauni ya leo nitakwenda wapi pasipo na nondo? Hapo ndipo nilipokikumbuka kivuli.

Huenda hujui, na mimi nililijua ramanini tu: Makka na Mombasa ziko karibu kabisa kwenye mstari mmoja, kaskazini moja kwa moja. Kwa hivyo ukuta wa ubavuni ukiwa umenyooka kibla, utakosa kivuli pande zote mbili jua linapouvuka mstari huo adhuhuri. Nikakokotoa dakika yenyewe, nikaiandika kwenye karatasi ya mfuko wa simiti.

"Dada, nihamishe mageti ya watu kwa ajili ya kivuli?" akauliza fundi. "Si ungechukua changu?" Lakini alihamisha, akang'oa na mabati mawili.

Nikachuchumaa. Vidole vitatu. Viwili. Kimoja. Kiliisha dakika niliyoandika, au moja nyuma yake, maana ukuta si rula.

"Kimekwisha!"

Fundi akavua miwani yake myeusi. "Nini kimekwisha?"

Nilizunguka upande wa pili, alipokuwa akikaa nyanya. Sasa pana makopo ya rangi na mtungi wa gesi. Nikangoja hapo hadi uzi wa kivuli ulipotoka chini ya mawe.

"Mjomba, fuata ukuta."

"Na hiyo shahada?"

"Fuata ukuta."

Bado sielewi. Wajenzi wale wa kale, bila simu wala cheti, waliupataje mstari ule? Na mimi mbona niliamini kishale kuliko nyanya? Alasiri fundi alirudisha mabati yake, ana kazi za watu, na kivuli kikakosa pa kuangukia. Ukuta umesimama imara, utanizika na mimi. Ila ninapouzunguka, sina tena wa kuniambia ningoje.