Uzi Mweupe wa Kapitao

Davison, fundi wa nyavu wa Nchelenge, alikuwa akijisifu kwamba hakuna tundu linaloishinda sindano yake. Basi mvua za mwaka wa hamsini na sita zilipokatika, mke wake Olipa akafa kwa homa, na fundi akabaki na nyumba, sindano, na sungura wawili wazee.

Sungura wenyewe sasa! Olipa aliwapata kwa muzungu wa misheni, akawapa majina, dume Kapitao na jike Madamu, akawakatia matembele kila asubuhi, huku mumewe akiuliza kitoweo hiki kitanenepeshwa hadi lini. Sasa Olipa hayupo, na anayeamka kukata matembele ni nani? Davison huyo huyo. Alijicheka mwenyewe, mwanamume mzima na ndevu zake, anampigia hodi sungura.

Haukupita muda Madamu naye akafa. Kapitao akageukia ukuta, matembele yakamnyaukia puani. Hapo Davison aliogopa kweli kweli. Watoto hawakujaliwa, mle nyumbani hakikubaki chenye uhai kilichowahi kupapaswa na mkono wa Olipa, isipokuwa huyo mzee mwenye masikio. Na Davison mwenyewe, ila yeye hakujihesabu.

Huku ziwani, aliyefiwa na mwenzake hupyanikwa. Ukoo wa marehemu humpa mtu wa kushika nafasi ile, au humfunga ushanga mweupe mkononi, na roho ya marehemu ikamwachilia. Ndugu za Olipa walishamwita. Mara ana nyavu za watu Chienge, mara ana malaria, mara mguu umevimba. Ukweli ni kwamba hakutaka kuachiliwa.

Lakini sungura wake, Davison alimpyanika upesi! Alikwenda Mununga akanunua kijike kichanga, akakileta kapuni. Akamfunga Kapitao uzi mweupe sikioni, akatoa hotuba ndefu ya kuwashukuru wakwe ambao hawakuwepo, akatangaza kwamba kuanzia leo huyu ndiye Madamu, akamtumbukiza kizimbani.

Lo! Manyoya yalifika kwa jirani. Mzee aliyekuwa wa kufa akapata nguvu za kijana, akamkimbiza bibi harusi kona hadi kona, na msuluhishi alipotia mkono aling'atwa kidole gumba, kile kile cha kazi. Wavuvi waliofuata nyavu zao walikaa chini wakacheka. Davison naye akacheka, kidole kikiwa mdomoni, maana angefanya nini?

Habari ikamfikia Eness, dada mkubwa wa Olipa, muuza samaki wa kukausha. Mtu na mulamu wake, yaani shemeji yake, hutaniana bila huruma, na Eness akitaka kumchoma hasa huacha Kibemba akashika Kiswahili cha wachuuzi wa ng'ambo. Alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akachungulia kizimbani na kicheko kikamwisha.

"Mulamu, huyu haiko Madamu," alisema. "Madamu alishakufa. Huyu ni mutoto, umupatie jina yake. Na umuache muzee alie kwanza."

Kichanga kikaitwa Mwila. Davison akakata kipande cha wavu mkuukuu, akagawa kizimba katikati, mzee huku, mtoto kule, waonane na kunusana bila kuuana. Akahamishia kazi yake pale pale kando. Akishona, alimsimulia Kapitao mambo ambayo hakumwambia mtu: kwamba Olipa alikuwa akiimba akiparua samaki, sauti mbaya, naye sasa angetoa chochote aisikie, kwamba bado anasonga ugali wa watu wawili na kuula wote, ndiyo maana yuko msibani na tumbo linakua. Mwila alitafuna bila kujali msiba wa mtu. Kapitao alimtazama kupitia wavu siku nyingi, halafu asubuhi moja naye akavuta jani.

Ikaja siku Davison akakuta wavu umetafunwa, tundu la kupita kichwa na mabega. Wote wawili walikuwa upande wa mzee, kidevu cha mtoto juu ya mgongo wa Kapitao, wamelala. Wavu wa fundi mzima, umetobolewa na mtoto wa sungura! Mazoea yakampeleka kwenye sindano. Akaishika, akalitazama tundu, akairudisha mahali pake.

Eness alipopita kuelekea sokoni alisimama akawaangalia wale wawili. Kisha akafungua fundo la pembe ya kitenge chake. Ushanga ulikuwa humo, na ulionekana umekaa humo muda mrefu.

"Kapitao alishaitika," alisema. "Na weye?"

Davison alitafuta malaria mwilini mwake, hakuiona. Mguu nao ulikuwa mzima. Machozi yakamtoka mbele ya mulamu wake, na kwa mara ya kwanza Eness hakumtania. Davison akanyoosha mkono.

"Funga," alisema. "Lakini usikaze sana."