Dawa chini ya kiti

Tulitoka Butembo kwenda Beni ndani ya pikapu ya zamani ya mzee mmoja muuza maharagi, gari inayolisha jamaa yake yote. Volan, usukani wake, ilizunguka nusu duara mbele ya magurudumu kusikia, na kila shimo lilituchezesha mara tano. Nikamuhubiria njia nzima: "Papa, hii ni aibu! Rotile za kugeuza magurudumu zimekufa, amortiseri za kumeza mashimo zimekufa, tunabakia sisi!"

"Ni kweli, mwana," akasema, akizungusha.

Kwenye bariyeri iliyofunga njia, komanda wa waasi akapiga boneti kofi. "Hii gari inaingia vitani." Mzee akamupa ufunguo kwa mikono miwili. Komanda akaondoka, akakata kushoto. Gari ikafikiri kwanza, kisha ikamupeleka ukingoni mwa mufereji. Akashuka akishika kiuno.

"Mzee, unataka kuniua? Enda na kitanda yako ya maiti!"

Nyuma ya kona, mzee akacheka mpaka machozi. "Inua kiti, mwana."

Chini yake kulikuwa rotile na amortiseri mpya, zingali ndani ya karatasi.

"Nitazifunga siku vita itaisha."

Inchi gani hii, gari nzima ni ya askari, mbovu njo yako? Chuoni sijashindwa mjadala hata mumoja. Siku ile nilirudisha kiti, nikaikalia hoja yake mpaka Beni.