Ghala la Pareto, Siku ya Jumamosi

Baba yangu alikausha maua ya pareto miaka kumi na sita katika shamba la mzungu upande wa Ol Kalou, mpaka kifua kikamshinda na mwenye shamba akamwandikia barua ya kumwachisha kazi. Nilikwenda kumchukua nimrudishe kwetu, mbele ya Kisumu. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na kila stesheni askari walimtaka aitoe barua ile. Kufika Nakuru ilikuwa imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Tulishuka saa mbili asubuhi, Jumamosi. Treni ya pili ilikuwa ya saa tisa. Baba hakuwahi kuuona mji huo, nikamwuliza angependa kutazama nini.

"Ghala la pareto," alisema. "Kuna mtu pale hufungua magunia na kupima maua. Nataka kumwuliza kama yangu yalikuwa mazuri."

Kila msimu, alinieleza, barua zilitoka Nakuru kutaja daraja la maua. Mwenye shamba alimsomea zile za lawama tu. Nyingine alizikunja akazitia mfukoni bila neno, na baba hakujua kama kunyamaza kule kulikuwa sifa.

Nilikuwa kijana niliyejifunza kusoma mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia sukari na ratiba za reli, na nilipenda kila jambo liwe na mpango. Ghala lilikuwa hatua chache kutoka stesheni. Nikaamua tuanze na vya mbali, tumalizie na cha karibu, tusije tukaachwa na treni. Baba alikubali. Aliamini kwamba mwenye kusoma anajua.

Tukaenda ziwani kwa miguu. Maji yalikuwa yamerudi nyuma sana mwaka ule, na upepo ulirusha vumbi jeupe la magadi. Ndege walionekana mbali, mstari mwembamba wa rangi ya waridi. Baba alifunika mdomo kwa kofia, akakohoa, akawatazama kwa adabu.

"Wanaliwa?"

"Hapana, Baba."

"Haya."

Tuliporudi nilimpitisha barabara kuu, nikamsomea vibao vya maduka kimoja baada ya kingine. Kila baada ya maduka mawili matatu alisimama kuvuta pumzi, nami nikadhani anatazama vitu vya dirishani. Sokoni tulikula viazi vya kuchemsha. Alimaliza kabla yangu, akaweka kofia kichwani.

Tulifika ghalani saa saba kasorobo. Mlango ulikuwa na kufuli. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kivuli ndani ya uzio wa waya, viatu amevua.

"Mnataka nani?"

"Mtu wa kupima maua," baba alisema.

"Huyo ametoka saa sita. Leo ni nusu siku, mzee. Rudi Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa kwetu."

"Basi andika barua. Wazungu wanapenda barua."

Baba hakucheka. Akamweleza alikotoka na miaka aliyofanya kazi. Mlinzi alisikiliza huku akisugua kisigino.

"Hata ungemkuta, mzee, angekumbuka yako namna gani? Gunia ni gunia."

"Yangu nilishona na masikio pembeni, ya kushikia."

"Zote ziko na masikio."

Nilijua tangu asubuhi kwamba ni Jumamosi. Niliisoma kwenye ratiba. Sikufikiri kwamba ghala nalo lina Jumamosi yake.

Chini ya waya palikuwa na maua yaliyomwagika kutoka gunia la mtu mwingine. Baba aliinama, akachota kiganja, akakisogeza sikioni na kukifinya. Ua lililokauka sawasawa huvunjika kwa mlio.

"Haya yalitolewa motoni mapema," akasema, akayarudisha pale pale alipoyaokota.

Stesheni tulikaa kwenye benchi karibu saa mbili. Ningeweza kusema samahani, na nilikuwa na muda wa kutosha. Badala yake nilimwambia kwamba barua zilizokunjwa lazima zilikuwa za sifa, kwa sababu maua mabaya mwenye shamba asingeyanyamazia.

Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Labda," akasema. "Lakini wewe hukuyapima."

Treni ilipoingia alipanda kwanza, akasogeza furushi lake, akaniachia nafasi ya dirishani ili nisome majina ya stesheni.