Makala Iliyojaza Nyumba

Mimi ndiye niliyemwambia aandike. Watu hapa Dandora wakikusimulia habari za mume wangu watasema ni kiwanda kilichomwangusha, ni serikali, ni mitumba. Wacha waseme. Mimi Ayuma, Mama Lorine, najua ni mdomo wangu.

Wabwire alikuwa karani katika kiwanda kimoja cha nguo kule Baba Dogo. Miaka kumi na mmoja alikaa kando ya mameneja wakiwahoji wanaotafuta kazi, yeye akiandika. Aliwaona walioajiriwa na waliorudishwa mlangoni, na akajua kwa nini. Mitumba ilipojaa sokoni kiwanda kikafungwa, mwaka wa tisini na tano, naye akarudi nyumbani na kikombe chake cha ofisini kimefungwa kwa gazeti.  Wiki ya tatu akasema amepata biashara: atawafundisha watu kufanya intavyuu. Namna ya kuingia, kuketi, kujibu. Akatafuta ubao mweusi, akautundika sebuleni juu ya kochi. Vijana wa ploti wakampa jina Kocha. "Niaje, Kocha," walimwita, na wengine walimwuliza timu yake inacheza lini.

Mimi sikucheka. Nilimwamini, haki ya Mungu. Shida ilikuwa wanafunzi. Darasa lilikuwa Jumamosi saa nane, na lilipata watu wawili, mara watatu, mara yeye na mimi na ubao. Tukakubaliana: wasipofika kumi kufikia Krismasi, tunafunga virago tunarudi kwao Funyula, kule Busia. Na Funyula kwake hapakuwa mahali pa kurudi hivi hivi. Ndugu zake walimjua kama mtu wa ofisi. Alikuwa ameapa mbele ya kaburi la babake kwamba siku akirudi atarudi na mabati, si na mikono mitupu. Nilijua akirudi vile atavunjika.

Annah, mwandishi wa ofisi ya parokia, ndiye aliyempa njia. Yeye ndiye aliyekuwa akichapa gazeti la kanisa, kurasa nne za stensili kila mwezi, na ukurasa wa tatu haukuwa na mwenyewe. Akamwambia aandike makala ili watu wamjue. Wee! Mwanamume akafufuka. Akanunua daftari, akawa anakwenda nalo kila mahali. Kwenye foleni ya maji anasikiliza. Kwa fundi wa viatu anasikiliza. Mtu akisimulia kwamba aliulizwa kwa nini aliacha kazi ya kwanza, akaanza kumtukana bosi wake wa zamani hadi akaonyeshwa mlango, Wabwire anageukia ukuta anaandika. Hapo ndipo makala zilipotoka. "Usimseme Bosi wa Zamani." "Soksi Zako Zinaonekana." Mwisho wa kila moja aliandika: kwa mengi zaidi njoo Jumamosi saa nane, kwa Mama Lorine, mkabala na kisiagi cha mahindi.

Makala zilipendwa. Hapo ndipo penye uchungu. Watu walimsimamisha njiani wakamsifu, wakazikunja wakazitia mfukoni, wakaenda zao. Kwani waje kufanya nini, na ameshawaambia yote? Nilimshauri awe anawaonjesha tu, asiwapakulie sufuria nzima. Akanijibu kwamba mtu mwenye intavyuu kesho hawezi kungoja Jumamosi. Siku moja jirani yetu Otiende, ambaye hakuwahi kukanyaga darasani, alikuja na mkate kushukuru. Amepata kazi Indastria, kule kwenye viwanda, na ni kwa sababu ya ile makala ya soksi. Wabwire akampongeza kwa moyo mweupe. Otiende alipotoka, akakaa anautazama ule mkate mpaka chai ikapoa.

Kufikia Oktoba mawazo yalikwisha. Anaketi na daftari asubuhi, anaandika mstari, anaufuta. Foleni ya maji nayo ilishamjua, akikaribia watu wananyamaza. Na kuna jambo sijakuambia. Yeye mwenyewe alikuwa akitafuta kazi, kimyakimya. Alikuwa ameitwa intavyuu mara kumi na nne na kuangushwa mara kumi na nne. Ile ya kumi na nne alirudi saa sita mchana, akavua tai, akaketi kuandika makala ya "Namna ya Kujiamini." Kitu kikanipanda.

"Acha uongo," nikamwambia. "Andika hiyo ya leo."

Akaiweka kalamu chini. "Ayuma, nani atajifunza kuogelea kwa mtu aliyezama?"

Nikamwambia watu wamechoka na wajuaji, wakijua nawe umeumia watakuamini, watakuja. Nilisema kwa ukali, na nilisema siku tatu mfululizo, mpaka akaandika. Akaandika yote. Ile suruali moja ninayompigia pasi. Jinsi alivyojibu kila swali sawasawa, na meneja, kijana wa rika la kitinda mimba wao, akapiga miayo. Krismasi ikaingia humo, na Funyula, na kaburi. Annah aliniambia alilia akiichapa.

Jumamosi iliyofuata, saa nane kasoro, wakaanza kuingia. Niliazima mabenchi mawili kwa jirani, hayakutosha, nikaazima mengine. Nikahesabu vichwa ishirini na sita. Wabwire alikuwa amevaa tai, ameandika ubaoni kwa ule mwandiko wake mzuri: Somo la Kwanza. Uso ule sikuwa nimeuona tangu kiwanda kifungwe. Nikajisifu moyoni, mjinga mimi.

Kisha nikaona hakuna aliyekuja na kalamu. Akina mama walipitia upande wa jikoni, vitambaa kichwani, wakaweka chini unga, sukari na majani ya chai, vile huwekwa katika nyumba iliyofiwa. Mmoja akanishika bega akaniambia pole. Wabwire akasafisha koo, akawakaribisha, akasema tuanze na jinsi ya kuingia mlangoni. Mzee Mulama, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, akainua mkono taratibu akaomba tuanze na sala. Sala ilikuwa ndefu, na jina la Wabwire lilitajwa ndani yake kama la mgonjwa. Tulipofumbua macho alikuwa bado ameshika chaki.

Annah akaninong'oneza kwamba tangu gazeti lianze hakuna makala iliyopendwa kama ile, akauliza kama Wabwire angeweza kuwaachia nyingine kabla hajaondoka. Sikuelewa. Nikamwuliza kuondoka kwenda wapi, lakini Mulama alikuwa ameshasimama na bahasha.

"Mwalimu, tumesoma," akasema. "Hatutangoja Krismasi ikukute hapa ukiteseka. Jumuiya imewakatia tikiti za basi la Busia, wewe, mama na mtoto, Jumanne asubuhi. Nenda ukapumzike kwa watu wako."

Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wanalia. Si watu wabaya, naapa. Kwetu mtu akilia hadharani hatumwombi masomo, tunambeba. Mimi niliyezaliwa humo humo nilisahauje?

Mkono wa Wabwire haukuinuka. Alinigeukia mimi. Mulama ameinyoosha ile bahasha, nyumba nzima inangoja, na kitu kimeshaombewa sala, utakikataaje? Aibu ikanishinda. Nikanyoosha mikono yangu miwili nikapokea, nikasema asanteni sana, Mungu awabariki.

Sasa tuko Funyula mwaka wa tatu. Wabwire haandiki, na shemeji zangu wameacha kumwuliza habari za ofisi. Juu ya siku ile amenena mara moja tu, tukipalilia mihogo, wala hakuinua kichwa.

"Nilikuwa nangoja ukatae," akasema.