Mweupe wa Jikoni

Utotoni mwangu, kule mtaani Buyenzi, chumvi ilikuwa inapoteza jina jua likizama. Adhana ya magharibi ikishalia, hakuna aliyeruhusiwa kuitaja. Nyumba nyingine walisema "cha kutia ladha." Kwetu, na kwa ndugu wote wa bibi yangu, iliitwa "mweupe." Wabelgiji walikuwa wameondoka juzijuzi tu, basi sisi watoto tulichungulia kopo na kupiga kelele: "Bibi, mweupe amekwisha!"

Bibi hakucheka. "Anayetaja jina lake giza likiingia," alisema, "anamuita mwizi ndani."

Nilidhani wazee wana maneno mengi kwa sababu hawana meno.

Bibi alikuwa mjane. Alikuwa na mimi na cherehani. Mimi nilikula, cherehani ndiyo iliyotulisha. Kaka yake, Saidi, alivuka ziwa kwenda Kigoma kabla sijazaliwa, na habari zake zilikatika. Jambo hilo lilimuuma bibi, na mtaa mzima ulijua, kwa sababu jirani yetu Mama Zaina alilihadithia kila siku pale robineti, bomba la maji la mtaa, ndoo ikijaa na kumwagika.

Alasiri moja akaja kijana mwenye jino la dhahabu.

"Shangazi! Mi ni mutoto wa Saidi. Nimeshuka na boti leo."

Alitaja jina la mama yao bibi na Saidi. Alitaja hata kovu la Saidi kwenye goti. Bibi, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akilia, alilia. Mama Zaina naye alikuja kulia, kilio hakimpiti yule. Kijana akauliza habari za kila mtu, mwisho akaigusa cherehani.

"Shangazi, mashini imechoka hii. Niko na rafiki fundi kule bandarini. Kesho asubuhi naibeba, jioni nairudisha mupya."

"Mungu akubariki, baba," bibi akasema.

Adhana ikalia. Taa ikawashwa. Bibi akapakua ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, na Mama Zaina akabaki kula, bila shaka. Kijana akaonja mchuzi, akalamba kidole.

"Shangazi, chumvi kidogo."

Mkono wa bibi ukasimama juu ya sinia. Mimi nilitazama mlangoni, nikingoja mwizi aingie.

"Kwenu Kigoma," bibi akauliza polepole, "baba yako anaiitaje hiyo, saa hizi?"

"Chumvi, shangazi. Chumvi si ni chumvi?"

"Mama yetu alimchapa Saidi hadi akajikojolea kwa neno hilo. Saidi hawezi kulea mtoto wa kulitaja taa imewaka. We ni mtoto wa nani?"

Kijana akacheka, jino likang'aa. "Apana, shangazi, sisi ni watu wa kisasa."

"Toka."

Hapo ushangazi ukaisha. "Kizee muchawi we!" Akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye cherehani. Bibi akatangulia kuikalia, akafungua kinywa: "Mwizi!" Buyenzi haikuhitaji kuitwa mara mbili. Kijana alikimbia mguu mmoja peku.

Unadhani walimshukuru bibi? Mama Zaina aliokota kile kiatu akasimama nacho uani. "Umefukuza damu yako kwa ajili ya cha kutia ladha! Saidi akisikia?" Mtaa ukaungana naye. Bibi aliitwa mkatili, tena mshirikina. Akaendelea kushona. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani, akimtaja Saidi, na nikaelewa kuwa hata yeye hakuwa na hakika.

Halafu habari ikatoka barabara ya pili. Mjane mmoja alikuwa amepata "mjukuu" kutoka Uvira, mwenye jino la dhahabu, aliyechukua vikuku vyake vya fedha kwenda kuving'arisha. Hakurudi.

Mama Zaina alikuja na kikapu cha mihogo. Bibi akakipokea, akasema: "Majina ya ndugu zangu uliyamwaga robineti kama maji machafu. Yule aliyaokota tu."

Mihogo tuliila. Urafiki haukurudi.

Sasa mzee ni mimi, na meno ninayo machache. Siku hizi hawaji mlangoni, wanapiga simu. Juzi jioni kijana analia sikioni: "Bibi, ni mimi mjukuu wako, nimebadilisha namba, niko hospitali." Sauti ilifanana. Nilikaribia kuamini, nisiseme uongo.

"Pole, baba," nikamwambia. "Ukitoka huko, niletee mweupe."

"Mweupe gani, bibi?"

Nikakata.

Wajukuu zangu wa kweli wananicheka, wanasema ni ushirikina. Wacheke, lakini neno wanalijua, nimelitia kichwani mwa kila mmoja. Bibi labda aliogopa shetani, labda alijua tu kwamba nyumba isiyo na neno lake haina mlango. Sikumuuliza. Mimi shetani sijamwona hata mmoja. Wezi nimewaona, na wote walianza kwa kutuita shangazi au bibi.