Mate ya Bibi

Binti yangu anaishi kwa figo yangu moja. Dawa anazomeza ili mwili wake usiikatae zinampunguzia kinga, ndiyo maana kila mwezi anatolewa damu kutafuta kirusi fulani. Ni kirusi cha kawaida tu. Sisi watu wazima wengi tunatembea nacho, hata kwenye mate, wala hakitusumbui. Kwake yeye kingeweza kuniharibia figo niliyompa.

Mwaka jana kilipanda kwenye damu yake. Mtoto akawa na homa, hata mtori wa ndizi aliukataa, na huyo kwa mtori simuwezi! Akapewa dawa kali, damu ikachukuliwa tena, tukarudi nyumbani Kijenge kusubiri simu ya daktari.

Siku ya majibu ndiyo mama mkwe akatokea. Yeye ni Mwarusha, wa kabila linaloongea Kimaasai, anakaa huko magharibi ya mlima ulio juu ya mji wetu, na kwao mzee akikubariki anakutemea mate kidogo kichwani. Mtoto akamwendea na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Nikamwona anayakusanya mate.

"Mama, hapana!" Nilitoka jikoni mbio, mwiko mkononi. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai, na siku ile nilikuwa na hofu pia. Nikamvuta mtoto nyuma yangu.

Bibi alinitazama. "Mate haya yamewabariki watoto wote wa ukoo huu, pamoja na mumeo. Leo yamekuwa sumu?"

Nikamweleza habari za kirusi, nikimwomba radhi huku nimemzuia mtoto kwa mkono.  Alikaa kwenye kochi, akajifunika shuka lake vizuri. Chai niliyomwekea ikapoa. Roho iliniuma, lakini ningemzuia tena.

Simu ikalia. Daktari hakuzunguka: kirusi hakionekani kwenye damu, na figo inafanya kazi vizuri.

Jamani! Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Mtoto akaruka juu ya kochi, nami sikumgombeza. Tumekishinda! Nililia, nikacheka, nikamwambia Mungu asante kwa sauti ya kugombana.

Bibi akasimama. "Figo ilitoka kwako ikamfikia?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na baraka ipite njia hiyo hiyo. Inama."

Nikainama, mtu mzima mimi, na mwiko wangu. Akanitemea utosini, akaweka mkono wake juu, akasema maneno ya Kimaasai ambayo nusu yake siyajui. Nilijua tu kwamba hajawahi kunifanyia hivyo tangu niolewe.

Nikageuka nimkumbatie binti yangu. Akarudi nyuma, kidole juu.

"Mama! Kanawe kwanza!"

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Nikaenda bombani, nikanawa mikono kwa sabuni, nikajifunga kitambaa kichwani ili mate yasimguse mtoto. Utosi sikuugusa.