Fimbo ya Bibi na Spana ya Baba

Wenzangu mliokua Musoma siku za mchakamchaka na foleni ya sabuni, mtanisaidia kukumbuka: enzi zetu gari lilikuwa la mtu mmoja, lakini likiharibika lilikuwa la mtaa mzima. Pale Kamunyonge, pikapu ya baba ilipolala uani ikingoja klachi mpya, watoto tuliigeuza basi, jukwaa na mahakama. Tulikula ugali wa muhogo kwa furu, visamaki vya ziwani, tukiwa tumekaa juu ya boneti. Shuleni tuliimba kujitegemea, na nyumbani tulijitegemea kweli, maana fundi alikuwa baba mwenyewe.

Klachi ilipatikana siku moja kabla mama mdogo hajaolewa kwao Butiama. Mama alikuwa ameshatangulia kupika. Bibi, mama mzazi wa bibi harusi, alikuwa kwetu kuchukua vitenge, na bila yeye wakwe kutoka Bunda wasingekabidhiwa mtu. Baba alikuwa amemwahidi mama kwamba bibi atafika kabla yao.

Asubuhi ya harusi baba alimaliza kufunga klachi, akakanyaga pedeli, ikazama kama mguu kwenye tope la ziwani. Upepo ulikuwa umeingia kwenye bomba la mafuta ya klachi. Kuutoa, alinieleza, ni kazi ya watu wawili: wa juu akanyage na kushikilia, wa chini afungue nati, mafuta yatoke na upepo, aifunge, ndipo wa juu aachie. Akiachia mapema, bomba linavuta upepo mwingine na kazi inaanza upya.

Miguu yangu haikufika kwenye pedeli. Majirani wakubwa walikuwa mashambani Buhare. Akabaki bibi, na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, sembuse kusemeshana. Tangu bibi aje, baba alikuwa akiingia nyumbani kwake mwenyewe kwa mlango wa nyuma.

Basi bibi akaketi kwenye usukani, khanga imefunika uso. Baba akajilaza juu ya gunia chini ya gari, na mimi nikasimama kati yao niwe simu.

"Nyangeta, mwambie mama akanyage."

Nilikuwa nimefundwa kwamba mkubwa haamrishwi, na tangu utoto nina ugonjwa wa kulifikiria jambo mpaka lichachuke. Nikapiga goti. "Bibi, shikamoo. Baba anaomba, kama mguu hauumi, ukanyage." Bibi akaitikia, akakanyaga, akauliza kama inatosha. Nikaenda kuuliza. Niliporudi na jibu kwamba ashikilie, alikuwa ameachia zamani, na kule chini bomba lilifyonza upepo kama mtoto anayemaliza uji.

Tulirudia, na kila mara heshima ilichelewa njiani. Jua likapanda. Baba akaanza kutia shikamoo ndani ya amri yake ili kuokoa muda, ikawa mbaya zaidi, kwa kuwa sasa ilinibidi nimrudishie na marahaba.

Mwishowe bibi akauambia usukani, polepole: "Mwambie mkwe wangu, wale wa Bunda wakinikosa watasema nimemkataa kijana wao. Mila inakatazaga maneno. Fimbo haijakatazwa."

Akakanyaga hadi chini, akagonga mlango kwa fimbo yake: ko. Baba alielewa kabla sijafungua mdomo. Akafungua nati, akaifunga, akagonga chuma kwa spana: ti. Bibi akaachia. Ko, ti. Ko, ti. Simu ikakosa kazi, nikapewa kopo la kuongezea mafuta. Mapovu yakaisha na pedeli ikakaza.

Njiani bibi alikaa nyuma juu ya vitenge, mgongo kwa dereva. Lilipotokea vumbi la lori la wakwe nyuma yetu, aligonga bodi mara mbili, na baba akaongeza moto. Tuliwatangulia kwa muda wa bibi kubadili kitenge tu. Tangu siku hiyo, kila alipokuja kwetu aligonga mwimo wa mlango, na baba, popote alipokuwa, alijibu kwa chochote alichoshika, kikombe au jembe.

Siku hizi gari hupelekwa gereji, na mkwe hula meza moja na mama mkwe. Shemeji yangu, mume wa dada, humwambia mama amsogezee chumvi, na mama anacheka. Sisemi ni vibaya. Nimelifikiria sana, sijaamua.

Ila siku tuliyomzika bibi, baba alisimama mbali, pale mila inapomweka mkwe, kando ya pikapu yake. Jeneza liliposhushwa, akatoa spana mfukoni, akagonga bodi mara moja. Akasubiri. Shemeji aliniinamia akauliza baba anagonga nini. Nikaanza kumweleza, nikaona maneno yatakuwa mengi.